MPIRA WA VIJANA PAROKIANI: NANI ATASEMA "TOKA NJE"?



Katika parokia nyingi hakuna shughuli ya vijana inayokusanya watu kama mpira wa miguu. Itisha semina, watakuja kumi na wawili. Tangaza mechi ya kigango na kigango, hata wazee wataacha bao lao chini ya mwembe. Kwa sababu hiyo kamati nyingi zimeuweka mpira katika mipango ya maendeleo ya vijana, na wafadhili wamekuwa tayari kununua mipira, jezi na makombe.

Hata hivyo wazazi wameanza kuuliza maswali. Mwaka jana nilialikwa kwenye kikao cha kamati ya parokia moja, kilichoitishwa kwa sababu ya tukio la Jumapili iliyotangulia. Beki wa timu ya kigango, mvulana wa miaka kumi na minne, aligongana vichwa na mshambuliaji. Alilala chini kama nusu dakika. Akamwagiwa maji kichwani, akaambiwa akaze kwa sababu yeye ni mwanamume, akarudishwa uwanjani. Dakika kumi baadaye alikuwa akiuliza wanacheza na nani. Usiku alitapika mara tatu, wakamkimbiza zahanati. Tunamshukuru Mungu alipona.

Mama yake alisimama kikaoni akasema: "Mwenyekiti, sikuja kugombana na mtu. Nataka kuambiwa jambo moja tu. Pale uwanjani, nani alikuwa na mamlaka ya kumwambia mwanangu atoke?"

Baba mmoja alimjibu kwa upole: "Mama, sisi tulicheza chandimu pekupeku, tukagongana sana, na bado tupo. Mkiuondoa mpira, hawa watoto mtawakuta kwenye vibanda vya kubeti."

Kikao kiligawanyika. Wengine walitaka ligi ya vijana isimamishwe, wengine walisema ajali ni sehemu ya mchezo. Lakini swali la mama yule halikujibiwa siku hiyo. Makala hii inajaribu kueleza kwa nini swali hilo ndilo la msingi, na nini kamati ya parokia inaweza kufanya bila gharama kubwa.

KICHWA KILICHOGONGWA

Ubongo hauko imara ndani ya fuvu kama jiwe lililojengewa ukutani. Umezungukwa na majimaji, na kichwa kinapogongwa au kutikiswa kwa nguvu, ubongo nao hutikisika. Hali hiyo huitwa mtikisiko wa ubongo. Mara nyingi hakuna damu wala uvimbe, na mara nyingi mtoto hapotezi fahamu. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanaona mtoto amesimama, wanadhani amepona.

Dalili za kutazama ni hizi: kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuyumba, kuona ukungu, kujibu polepole, kusahau matokeo au jina la timu pinzani, au kubadilika tabia ghafla. Nyingine hujitokeza baada ya saa kadhaa. Mtoto mwenye mtikisiko akigongwa tena kabla ubongo haujapona, madhara yanaweza kuwa makubwa kupita ya kwanza, hata kifo.

Mfano unaojulikana sana unatoka Marekani, ambako mpira wa vijana wenye mjadala mkubwa ni ule wao wa kubeba mpira mikononi na kuangushana. Mwaka 2006, katika jimbo la Washington, mvulana wa miaka 13 aitwaye Zackery Lystedt aligonga kichwa chini katika mechi ya shule. Alipumzishwa kidogo, akarudishwa kucheza kipindi cha pili. Mechi ilipokwisha alianguka. Alifanyiwa upasuaji wa ubongo, na ilimchukua miezi mingi kuanza kusema tena.

Wazazi wake hawakudai mchezo upigwe marufuku. Walidai sheria, na mwaka 2009 jimbo lile likaipitisha, ikiitwa kwa jina la mtoto wao. Ina mambo matatu. Kwanza, kila mwaka mzazi na mchezaji wasaini karatasi inayoeleza hatari ya kuumia kichwa. Pili, mchezaji anayeshukiwa kuumia kichwa atolewe papo hapo. Tatu, asirudi mpaka mtaalamu wa afya aandike kwamba anaweza kurudi. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa na sheria za namna hiyo.

Tuangalie vizuri kilichobadilika. Mchezo ulibaki vilevile. Kilichobadilika ni mwenye neno la mwisho. Uamuzi uliondolewa mikononi mwa watu wawili ambao wakati ule hawawezi kuamua vizuri: mtoto anayetaka kuendelea, na kocha anayetaka kushinda.

JE, WATOTO WAPIGE MPIRA KWA KICHWA?

Wazazi wengine huuliza kuhusu kupiga mpira kwa kichwa hata kama hakuna kugongana. Mwaka 2014 wazazi na wachezaji kadhaa walivishtaki vyombo vya soka mahakamani nchini Marekani kuhusu suala hilo. Mwaka uliofuata shirikisho la soka la nchi hiyo lilitangaza kwamba watoto wa miaka 10 na chini wasipige mpira kwa kichwa kabisa, na wale wa miaka 11 hadi 13 wapunguziwe zoezi hilo mazoezini.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walilinganisha vifo vya waliokuwa wachezaji wa kulipwa wa Scotland na vya watu wengine. Waliona kwamba uwezekano wa wachezaji hao kufa kwa magonjwa ya kudhoofika ubongo ulikuwa karibu mara tatu na nusu zaidi. Utafiti huo ulihusu watu wazima waliocheza miaka mingi, si watoto wa kigango. Hata hivyo mwaka 2020 vyama vya soka vya Scotland, Uingereza na Ireland ya Kaskazini viliamua kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga mpira kwa kichwa mazoezini.

Kwa parokia zetu hatua hii haina gharama yoyote. Mtoto wa miaka tisa hapungukiwi kitu akijifunza kutuliza mpira, kupiga pasi na kukaba. Kichwa kitasubiri.

RADI, MAGOLI, JUA NA MOYO

Kuna hatari nyingine ambazo katika mazingira yetu ni kubwa pengine kuliko kupiga kichwa.

Radi. Mwezi Agosti 2020, huko Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, watoto kumi walikufa kwa radi. Walikuwa wakicheza mpira, mvua ikaja, wakakimbilia kwenye kibanda cha nyasi. Walifanya kile ambacho sote tungefanya. Lakini kibanda cha nyasi hakikingi radi, wala mti, wala banda la wazi. Mahali pa kukimbilia ni jengo kubwa lililofungwa, lenye nyaya za umeme au mabomba ya maji ndani ya kuta, au gari lililofungwa vioo. Kanuni ni rahisi: ngurumo ikisikika, mechi inasimama; haiendelei mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hata kama ni fainali, na hata kama mgeni rasmi ameshafika.

Magoli. Magoli ya chuma yanayohamishika yameua watoto sehemu mbalimbali za dunia kwa kuwaangukia, mara nyingi wanapoyaning'inia. Goli lichimbiwe chini au lifungwe kwa vigingi vizito, na likaguliwe kabla ya kila mechi. Kamati ikague pia uwanja: vioo, mashimo, na mawe karibu na mistari ya pembeni.

Jua. Mechi za watoto zipangwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Pawe na maji safi ya kunywa, na mapumziko ya kunywa hayo maji. Kumnyima mtoto maji ili "awe mgumu" si mazoezi, ni hatari.

Moyo. Desemba 2016, katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, mchezaji wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka na kufariki wakati wa mechi ya ligi ya vijana chini ya miaka 20. Tukio kama hilo linaweza kutokea popote, hata penye madaktari. Juni 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani mjini Copenhagen, moyo ukiwa umesimama. Waliokuwa karibu walianza mara moja kumkandamiza kifua, kisha moyo ukashtuliwa kwa mashine, akapona, na baadaye akarudi kucheza. Mashine hiyo parokia nyingi haziwezi kuinunua. Lakini kukandamiza kifua ni ujuzi, na ujuzi huo unaweza kufundishwa na mhudumu wa afya katika Jumamosi moja.

MAZOEA YANAYOZAA HATARI

Turudi kwa yule beki. Kwa nini alirudishwa uwanjani? Si kwa sababu kocha wake ni mtu mbaya. Ni kijana anayejitolea bila posho. Alimrudisha kwa sababu timu ilikuwa nyuma kwa bao moja, zawadi ilikuwa mbuzi, na watazamaji walikuwa wakipiga kelele. Kwa hiyo usalama na mazoea ya mchezo si mada mbili. Ni mada moja.

Mfikirie mzazi anayemtukana refa, ambaye mara nyingi ni kijana wa miaka kumi na saba. Refa huyo ataogopa kusimamisha mechi kwa ajili ya mtoto aliyeumia. Mwaka 2008 chama cha soka cha Uingereza kilianzisha kampeni ya heshima uwanjani, na moja ya hatua zake ilikuwa kuweka mstari ambao watazamaji hawauvuki. Ujerumani kuna utaratibu katika mpira wa watoto wadogo ambapo wazazi husimama mbali kama mita 15, nao watoto huamua faulo wenyewe. Kamba na vigingi vinatosha kwa kazi hiyo.

Wafikirie pia mamluki na vijeba. Sote tunawajua: timu inapoelekea fainali, ghafla anatokea "kijana wa miaka kumi na tano" mwenye ndevu. Mwaka 2005 Tanzania iliondolewa katika mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17, ambayo ilikuwa imefuzu, kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Tulizoea kuliona jambo hili kama aibu ya udanganyifu tu. Lakini kijeba wa kilo sabini anapogongana na mtoto wa kilo arobaini, hilo ni suala la usalama. Cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo kikaguliwe, na parokia zina bahati, maana daftari la ubatizo liko ofisini.

Halafu kuna kubeti. Pale watu wazima wanapoweka fedha kwenye mechi ya watoto, mtoto aliyeumia anageuka hasara ya mtu. Kamati ikatae jambo hili waziwazi.

Norway imejaribu njia nyingine. Katika kanuni zao za michezo ya watoto, msimamo wa ligi na orodha za matokeo haziruhusiwi mpaka mtoto afikie mwaka anaotimiza miaka 11, na mashindano ya ubingwa wa taifa hayaruhusiwi mpaka ule wa miaka 13. Hapa karibu kabisa tuna mfano wa Mathare, Nairobi, ambako chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilianzishwa mwaka 1987. Huko timu zilipata pointi za ligi si kwa kufunga mabao tu bali pia kwa kusafisha mazingira ya mtaa wao. Kutoka kwenye mpango huo ilizaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Kumbe kuwafundisha watoto wajibu hakuwazuii kushinda.

HATARI ISIYOACHA KOVU LA NJE

Kuna jambo ambalo wazazi hulisema kwa sauti ya chini. Mwaka 2016 huko Uingereza wachezaji wa zamani walijitokeza kueleza jinsi makocha walivyowadhalilisha kingono walipokuwa watoto. Ripoti ya uchunguzi huru iliyotolewa Machi 2021 ilionyesha kwamba chama cha soka kilichelewa mno kuweka ulinzi wa kutosha. Makocha wale walikuwa wakiheshimiwa na wazazi wenyewe.

Tusidhani kwamba parokia ina kinga. Kanuni zifaazo ni hizi: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, safari ziwe na watu wazima wawili au zaidi, na timu ya wasichana iambatane na mwanamke, watoto wasilale chumba kimoja na kocha, na mtoto ajue jina la mtu, asiye kocha, anayeweza kumweleza. Tuhuma ikitokea, ipelekwe polisi na ustawi wa jamii. Isimalizwe kifamilia wala ofisini kwa paroko.

Aidha, wazazi wajihadhari na mawakala wanaoahidi kumpeleka mtoto Ulaya kwa majaribio na kudai fedha za hati ya kusafiria. Kanuni za FIFA, ibara ya 19, zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Anayekwambia uuze shamba kwa ajili ya mwanao wa miaka kumi na tano, muulize kwanza kuhusu ibara hiyo.

KAMATI IFANYE NINI?

Tunapendekeza hatua saba:

1. Kila mechi iwe na wasimamizi wawili wa usalama wasio makocha wala wachezaji. Mmoja wao awe mzazi. Wakisema mtoto atoke, anatoka, na hakuna wa kupinga.

2. Aliyegongwa kichwa na kuonyesha dalili yoyote asirudi siku hiyo. Penye shaka, atolewe. Apumzike siku moja au mbili, arudi shuleni kabla ya kurudi kwenye mpira, na asicheze mechi bila maandishi ya mhudumu wa afya. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo ya ngazi ya chini unataka zipite angalau siku 21 kabla ya kurudi kwenye mashindano.

3. Mtoto akitapika tena na tena, akiumwa kichwa kinachozidi, akipata degedege, akilegea upande mmoja, akitokwa na damu au maji masikioni, au asipoamka vizuri, apelekwe hospitali mara moja. Akilalamika shingo, asinyanyuliwe kienyeji. Kichwa na shingo vishikiliwe visitikisike mpaka msaada ufike.

4. Kabla ya mechi ijulikane gari au pikipiki gani itatumika, nani ana namba ya simu ya zahanati, na nani ana namba za wazazi.

5. Makundi yapangwe kwa umri, na vyeti vikaguliwe.

6. Kila mzazi asaini karatasi moja ya kanuni mwanzoni mwa msimu, naye asomewe kama hajui kusoma.

7. Ajali zote ziandikwe kwenye daftari, na kamati ilisome kila robo mwaka.

NENO KWA WAFADHILI

Katika maombi mengi ya fedha za michezo utaona mistari ya mipira, jezi, filimbi, kombe na chakula cha wageni. Mstari wa sanduku la huduma ya kwanza ni nadra. Mafunzo ya huduma ya kwanza hayamo, wala vigingi vya magoli. Si kwamba kamati hazijali. Zimezoea kuomba vile vinavyoonekana vizuri kwenye picha ya taarifa.

Tunawaomba wafadhili waulize swali la usalama kabla ya kuidhinisha, na wakubali kulipia vitu visivyopendeza kwenye picha. Plasta, bandeji na siku moja ya mwalimu wa huduma ya kwanza ni gharama ndogo ukilinganisha na seti ya jezi.

Katika parokia ile ligi haikusimamishwa. Kikao cha pili kiliandika kanuni ukurasa mmoja, zikabandikwa kwenye ubao wa matangazo na kusomwa katika kila jumuiya. Yule baba aliyesema walicheza pekupeku alijitolea kuchimbia magoli. Kocha aliomba radhi mbele ya wote, na mama wa yule beki akaombwa awe mmoja wa wasimamizi wa usalama. Alikubali kwa sharti moja: apewe filimbi yake mwenyewe, si ya kuazima kwa refa. Amepewa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika mechi yetu ya mwisho, kama mtoto angegongwa kichwa, nani angemtoa? Je, kocha angekubali?

2. Mvua ikianza na ngurumo, watoto wetu hukimbilia wapi? Je, mahali hapo ni salama?

3. Tunatoa zawadi kwa bingwa tu, au pia kwa timu yenye nidhamu?

4. Mtoto akitendewa vibaya na mtu mzima katika timu, anajua amwendee nani?

5. Katika bajeti yetu ya michezo ya mwaka huu, ni kiasi gani kimetengwa kwa usalama?